Chuma Katika Mtutu wa Mjomba: Kisa cha Bunduki Moja ya Rutamba

Maganda matatu yalikuwa mezani juu ya kipande cha gazeti, na midomo yake ilinishtua kabla sijaigusa bunduki yenyewe. Ganda la shotgani likishapigwa, mkunjo wa mdomoni hufunguka na ukingo hubaki safi. Haya yalikuwa yamechanikachanika ncha, plastiki imevutika ikawa nyembamba kama mfuko wa nailoni. Mwenyewe, mzee wa miaka sabini na kitu kutoka upande wa Rutamba, alikuwa ameketi akilisugua bega la kulia. Mpwa wake alisimama nyuma yake, kimya.

"Fundi, bunduki imekuwa nzito kufunguka," mzee alisema. "Na hili bega tangu juzi silielewi."

Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa yake, bila kulitaja jina lake. Kazi yangu ni ufundi wa bunduki zenye leseni hapa Lindi. Kilichonifanya nikae chini kuandika ni kwamba katika mkasa huu hakuna mzembe. Kila aliyehusika alifanya alichoamini ni sahihi, na bado mzee alikuwa hatua chache tu kabla ya kupoteza vidole vya mkono wa kushoto, ule unaoshika mitutu.

Bunduki yenyewe

Ni ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, namba 12, kazi ya Birmingham. Familia inasimulia kwamba ilifika Nachingwea na Mwingereza mmoja wakati wa ule Mradi wa Karanga ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, ikabaki mikononi mwa mfanyabiashara wa Kihindi hapa mjini, kisha mjomba wa mzee akainunua. Mjomba alipofariki, bunduki ilikaa kituo cha polisi mpaka leseni ya jina jipya ilipotoka. Wamwera wanajua uzito wa kitu kinachotoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Kitako kimepakwa mafuta mpaka kinang'aa, na hakuna doa la kutu popote.

Nilihakikisha haina kitu ndani, nikaitoa mitutu kwenye kitako na kuigeuza. Chini, kwenye bapa mbili zinazokalia mwili wa bunduki, ndipo palipo na cheti cha kuzaliwa cha shotgani yoyote ya Kiingereza. Kule bunduki haiuzwi mpaka mtutu wake upigwe kwanza risasi ya majaribio yenye presha kubwa kuliko ya matumizi, kisha ugongwe muhuri. Sheria yao ya mwaka 1868 bado ni msingi wa kazi hiyo, na nyumba mbili za upimaji, ya London na ya Birmingham, zinaendelea na kazi hiyo mpaka leo.

Nilisoma mihuri kwa kioo cha kukuzia. Ilipimwa kwa baruti isiyo na moshi. Mzigo wake mkubwa kabisa wa marisau, yaani zile punje ndogo zinazojazwa ndani ya ganda, ni aunsi moja na moja ya nane, yaani gramu 32 hivi. Na chemba zake, yaani zile sehemu za nyuma za mitutu ganda linamokaa, zina urefu wa inchi mbili na nusu, ambayo kwenye maboksi ya leo huandikwa milimita 65. Muhuri wa marisau ya chuma haukuwepo wala usingeweza kuwepo. Enzi hizo bunduki hazikuwa zikitengenezwa kwa kuyafikiria.

Mitutu ilikuwa ya chuma cha kawaida, si ile ya zamani zaidi iliyosokotwa kwa vipande vya chuma, yenye michirizi kama ya mkeka. Nilishukuru. Mtutu wa kusokotwa ungeweza kuwa na habari nyingine.

Boksi

Mzee alikuwa amekwenda Dar es Salaam kutibiwa macho, na mpwa wake akampeleka kwenye duka moja la silaha akiwa na leseni yake. Muuzaji aliuliza swali moja: namba ngapi? Namba 12. Za kawaida zilikuwa zimekwisha, akawatolea boksi jingine. "Akasema hizi ni za chuma," mpwa alinieleza, "ndizo wanazotumia Ulaya siku hizi, ni bora kuliko risasi." Aliitoa sentensi hiyo kwa sauti ya mtu aliyeirudia kichwani mara nyingi tangu juzi.

Mzee alirudi na boksi la risasi 25. Wiki mbili baadaye, akiwa na leseni yake ya kuwinda ndege mfukoni, alikwenda alfajiri kwenye shamba lake la karanga ambako kanga walikuwa wakifukua mbegu. Alipiga ya kwanza kwa mtutu wa kulia, akaona teke limekuwa kubwa kuliko alivyozoea. Kanga alianguka. Ya pili akapiga kwa mtutu wa kushoto, na ya tatu vilevile. Baada ya hiyo ya tatu, wenzo wa kufungulia ulikataa kwenda kwa kidole gumba, alifungulia gotini. Hapo akaacha. Risasi 22 zilizobaki hakuzigusa tena, na uamuzi huo, uliotoka kwenye mwili wake kabla ya kutoka kwenye maandishi yoyote, ndio uliomwokoa.

Nililisoma boksi mbele yao, neno kwa neno. Namba 12, ndiyo. Urefu wa ganda milimita 70. Marisau ya chuma, gramu 32, punje za milimita 3.5. Na pembeni kabisa, mchoro mdogo wa ua la yungiyungi na maneno ya Kiingereza yanayoonya kwamba risasi hizi zipigwe tu kwenye bunduki yenye muhuri wa ua hilohilo. Nilimwonyesha mzee ule mchoro.

"Nililiona," alisema. "Nilidhani ni nembo ya kiwanda."

Ziwa Rutamba lina mayungiyungi, watoto wanayachuma. Ni nani angemwambia kwamba ua lile juu ya boksi ni katazo?

Neno lililotuficha

Kiswahili chetu nacho kina mchango katika kisa hiki. Risasi kwetu ni ile metali laini ya kijivu, ya kwenye betri na kwenye chubwi za wavuvi. Papo hapo risasi ni jina la chochote kinachotoka mdomoni mwa bunduki. Kwa miaka mingi vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja, ndiyo maana neno moja lilitosha. Mtu akisikia "risasi ya chuma" anaona ni aina nyingine tu ya kitu kilekile, kama mchele wa Kyela na mchele wa Mbeya.

Mvuvi yeyote wa Lindi anaweza kulielewa tatizo kwa chubwi yake. Ukiibana kwa koleo, inakubali, inajikunja juu ya uzi na kukaa. Sasa chukua gololi ya baiskeli ujaribu hivyohivyo. Marisau ya chuma hayana ugumu wa gololi, maana hutengenezwa kwa chuma laini makusudi, lakini mbele ya choki yanafanana zaidi na gololi kuliko na chubwi.

Choki ni lile bano la sentimita chache za mwisho za mtutu. Mtutu wa namba 12 una upana wa ndani wa milimita 18.5 hivi, na choki kamili huupunguza kwa takriban milimita moja mdomoni ili marisau yatoke yamekusanyika. Marisau ya risasi yakifika hapo hubonyea, hupangana upya, hupita. Ya chuma hayabonyei. Yanashikana yenyewe kwa yenyewe kama watu wanaogombea mlango mmoja, na nguvu iliyokuwa ikienda mbele inageuka kusukuma ukuta wa mtutu kwenda nje. Mara moja huenda usione kitu. Chuma cha mtutu kikishachoka, hutokea pete: uvimbe mwembamba unaouzunguka mtutu kabla tu ya bano.

Jambo la pili ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3, ya chuma haifiki 8. Punje ya chuma ya milimita 3 ni nyepesi mno, inapoteza mwendo mapema, kwa hiyo viwanda huweka punje kubwa zaidi na kuzirusha kwa kasi zaidi ili zifanye kazi ileile. Punje kubwa na kasi kubwa ndivyo vitu viwili ambavyo bunduki ya zamani haivitaki.

Wataalamu wa upimaji wamezigawa risasi za chuma katika madaraja mawili. Daraja la kawaida, kwa namba 12, haliruhusiwi kuwa na punje zaidi ya milimita 3.25, na presha yake ina kikomo cha baa 740. Daraja la nguvu, lile la yungiyungi, linafika baa 1,050, na bunduki yake lazima iwe imepimwa kwa 1,370. Tairi la gari dogo lina baa mbili na ushei. Boksi la mzee lilikuwa na punje za 3.5, na ua juu yake.

Kuuangalia mtutu wa kushoto

Kuna njia ya kuiona pete bila chombo chochote. Unatoa mitutu kwenye bunduki, unaielekeza dirishani na kuangalia kwa ndani, ukiizungusha taratibu. Kivuli cha fremu ya dirisha hukimbia kama uzi ulionyooka toka mwanzo hadi mwisho wa mtutu. Panapokuwa na uvimbe, uzi huo huvunjika na kufanya kiduara cheusi. Mtutu wa kulia ulikuwa na uzi ulionyooka. Wa kushoto, kama sentimita nne kutoka mdomoni, ulikuwa na duara.

Nilimpa mzee aangalie mwenyewe. Macho yake yalikuwa yametoka kutibiwa, akachukua muda. Kisha akaupitisha ukucha kwa nje, akaukuta uvimbe kwa ukucha.

Kipimo kilinithibitishia: mtutu wa kushoto ulikuwa na choki kamili, wa kulia chini ya nusu milimita. Hivi ndivyo bunduki nyingi za mitutu miwili za enzi zile zilivyopangwa, wa kulia wazi kwa ndege wa karibu, wa kushoto umebanwa kwa wa mbali. Ndani ya mtutu, kinyume na nilivyotegemea, michubuko ilikuwa michache sana. Marisau ya chuma hukaa ndani ya kikombe kinene cha plastiki kinachoyatenga na ukuta, na kikombe kilifanya kazi yake vizuri. Kinachokwaruza mtutu si kilichoiumiza bunduki hii.

Kipimo cha mwisho ni cha sikio. Mitutu ya aina hii imeungwa kwa mbavu mbili za chuma, moja juu na moja chini, zilizoshikwa kwa lehemu. Unaitundika kwa kamba, huru hewani, unaigonga kwa kifundo cha kidole. Ikiwa mbavu zimeshika, italia kama kengele ndogo, sauti ndefu. Hii ilitoa sauti fupi yenye mkwaruzo, kama sufuria yenye ufa. Mtutu uliovimba huusukuma ubavu wake, na lehemu haivutiki. Karibu na mdomo ubavu wa juu ulikuwa umeachia kwa urefu wa vidole vitatu.

Choki au chemba?

Mpwa aliuliza swali zuri, nami nalitolea nafasi hapa kwa sababu nimelisikia likijibiwa vibaya. Je, kama mzee angetumia mtutu wa kulia peke yake, ule usiobanwa, si ingekuwa salama?

Pete isingetokea, hilo nalikubali. Kwa marisau ya chuma ushauri wa jumla ni choki isizidi nusu, yaani bano la nusu milimita, na kwa punje zinazozidi milimita 4 katika daraja la nguvu kikomo hicho cha nusu milimita ni amri. Lakini pete haikuwa hatari kubwa ya siku ile. Pete huharibu bunduki. Kilichoweza kumuumiza mtu ni kile kilichoyachana yale maganda.

Milimita 70 zilizoandikwa kwenye boksi ni urefu wa ganda likiwa limefunguka, baada ya kupigwa. Likiwa jipya, mkunjo wa mdomoni hulifupisha hadi chini ya milimita 60. Ndiyo maana linaingia kwenye chemba ya milimita 65 bila kukwama hata kidogo, bunduki inafunga vizuri, kila kitu kinaonekana sawa. Ukifyatua, mkunjo unafunguka na kukuta chemba imekwisha. Milimita tano za plastiki zinajibana kwenye koo la mtutu, mahali panapoanza kuwa pembamba, wakati huohuo mzigo wote unataka kupita. Presha inapanda. Na hapa ilikuwa inapanda kutoka kwenye risasi ambayo tayari ilikuwa imejazwa kwa bunduki ya daraja jingine kabisa.

Teke la bega lilitoka huko. Wenzo mzito ulitoka huko. Mtutu wa kulia ulipiga risasi moja tu ya aina hiyo, na ganda lake lilikuwa limechanika sawa na mengine mawili. Kwa hiyo jibu langu kwa mpwa lilikuwa hapana. Naamini hata kama boksi lile lingekuwa la marisau ya risasi, urefu wa milimita 70 ulitosha kulikataa.

Niliposema hivyo mzee aliinua kichwa. Kumbe maisha yote mjomba wake alikuwa akimwambia anunue "zile fupi". Hakumweleza sababu, huenda hata yeye hakuelezwa, na neno lenyewe lilipotea siku walipoingia duka lisilo na fupi.

Mpwa aliniuliza pia kama chuma ni kibaya. Sikutaka aondoke na jibu hilo. Bata na ndege wengine wa majini humeza punje za marisau wakidhani ni changarawe, zinasagika ndani ya firigisi, na ile metali inawaua polepole. Kwa sababu hiyo Marekani ilikataza marisau ya risasi kwa uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, Denmark ikayakataza kwa uwindaji wote mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya umeyakataza kwenye maeneo oevu tangu Februari 2023. Tanzania nayo imo katika mkataba wa ndege wa majini wa Afrika na Eurasia, ambao wanachama wake walikubaliana kujitahidi kuyaondoa kwenye maeneo oevu ifikapo mwaka 2000. Nyama iliyopigwa kwa risasi tunawalisha watoto wetu. Mimi ni mtu wa bunduki, na nasema wazi kwamba chuma kina haki ya kuja. Kije na bunduki yake.

Na kina tabia zake hata kwenye bunduki mpya. Kikigonga jiwe hakipondeki, kinarudi. Kwenye mawe ya matumbawe ya pwani yetu hilo si la kupuuza. Kikikaa ndani ya gogo la mpingo, msumeno wa mtu mwingine utakuja kukikuta.

Tulichokubaliana

Mzee alitaka niichonge choki ya mtutu wa kushoto iwe wazi, aendelee. Nilikataa. Kuchonga hakuondoi pete, kunapunguza ukuta uliokwisha kuchoka, na hakurefushi chemba. Kuichonga chemba nako kunabadilisha bunduki kiasi kwamba muhuri wake wa Birmingham unakufa, na hapa sina mashine ya kuipima upya. Kuna marisau ya bismathi, laini na mazito kuliko chuma, ambayo yanafaa bunduki za umri huu yakiwa kwenye ganda la urefu wake. Zipo pia risasi za chuma za daraja la kawaida katika ganda la milimita 65. Hapa Lindi sijaikuta hata moja dukani, na kwa bunduki hii jambo hilo halina uzito tena mpaka mbavu zishughulikiwe.

"Basi mtutu wa kulia tu, na zile fupi," alisema.

"Hapana, Mzee. Ubavu umeachia, mitutu yote miwili inautegemea."

Alinyamaza. Mpwa alitoka nje.

Bunduki ilirudi kwenye kasha lake bila kupigwa tena, na leseni ikabaki hai. Risasi 22 walizipeleka kituo cha polisi siku ileile. Sikutaka zirudi kijijini zikamkute jirani mwenye namba 12 nyingine ya zamani. Kabla hawajaondoka nilimpa mpwa sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu na kumwonyesha jinsi ya kuitumia kutambua marisau ya chuma: isigusishwe kitako cha risasi, maana kile cha rangi ya shaba mara nyingi ni chuma kilichopakwa, ila katikati ya ganda, pale marisau yanapokaa. Aliigusisha moja ya zile 22. Ikanasa kwa mlio.

Mzee alikuwa bado kwenye meza. Aliomba mitutu itundikwe mara moja zaidi, akasogeza sikio, akagonga mwenyewe kwa kidole, mara mbili, upande wa kushoto. Kisha akaniuliza kama lehemu inaweza kurudishwa na fundi anayeijua kazi hiyo, hata ikichukua mwaka. Nikamwambia inaweza, na kwamba nitamtafuta.